Kufuli juu ya gemu: leseni inapogoma kwenye PlayStation, Xbox na Switch

Kufuli dogo limetokea pembeni ya picha ya gemu uliyoicheza jana usiku. Unabonyeza X, na badala ya gemu kufunguka inakuja meseji inayokutaka uinunue au uingie kwenye akaunti. Data haijaguswa: gigabaiti 60 au 90 zote zimo kwenye diski ya ndani kama ulivyoziacha. Kilichokosekana ni leseni.

Leseni ni faili dogo linalosema akaunti fulani ina ruhusa ya kuendesha gemu fulani kwenye mashine fulani. Ulipolipa kwenye duka la mtandaoni, hicho ndicho ulichonunua. Jimbo la California limeliona hilo kiasi cha kutunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 1, 2025: muuzaji wa gemu za kidijitali akitumia neno "nunua", amweleze mteja wazi kwamba anachopewa ni leseni. Huku kwetu Tanzania hakuna anayekueleza dukani, kwa hiyo wengi wanakuja kulijua siku kufuli linapotokea.

Kabla hujagusa chochote, jibu maswali matatu. Gemu ilinunuliwa na akaunti ya nani? Mashine hii imesajiliwa kuwa mashine kuu ya akaunti hiyo? Na sasa hivi mashine inaweza kuongea na seva, yaani kompyuta za kampuni zinazothibitisha leseni? Kosa linalowagharimu watu wengi ni kuruka maswali haya, kufuta gemu na kuipakua upya. Bando zima linaisha, gemu inarudi, na kufuli linarudi nayo, kwa sababu tatizo halikuwa kwenye data.

Menyu za mashine hizi hazina Kiswahili, hivyo majina ya vitufe yameachwa kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Gemu inafunguka bando likiwepo, likiisha inagoma

Hapa mashine yako si mashine kuu ya akaunti iliyonunua gemu. PlayStation inairuhusu kila akaunti kuwa na PS4 moja kuu na PS5 moja kuu. Kwenye mashine kuu leseni inakaa ndani, kila mtumiaji wa mashine hiyo anaruhusiwa kucheza, na mtandao ukikatika gemu inafunguka vilevile. Kwenye mashine isiyo kuu anacheza mwenye akaunti peke yake, na kila akifungua gemu mashine inaiuliza seva kwanza. Swali hilo ni jepesi, halili bando la kuonekana. Ila lisipojibiwa, gemu haifunguki.

Kwenye PS4, ingia kwa jina la mtumiaji aliyenunua, nenda "Settings", kisha "Account Management", kisha "Activate as Your Primary PS4", bonyeza "Activate". Kwenye PS5 njia ni "Settings", "Users and Accounts", "Other", halafu "Console Sharing and Offline Play", chagua "Enable". Ikikwambia kuna mashine nyingine kuu, nenda kwenye mashine hiyo ukaizime kwa njia ileile. Kama uliiuza, iliibwa au imeungua, ingia kwenye akaunti kupitia kivinjari cha simu, fungua usimamizi wa vifaa, uzime vifaa vyote kwa pamoja. Njia hiyo ya kivinjari inapatikana mara 1 kila miezi 6, kwa hiyo usiitumie kwa kujaribujaribu.

Kwenye Xbox One na Series, njia ni "Settings", "General", "Personalization", "My home Xbox". Unaweza kubadili mashine ya nyumbani mara 5 kwa mwaka. Ukishaiweka, fungua kila gemu mara moja mtandao ukiwepo ili leseni ishuke, ndipo uitegemee bila mtandao.

Watu wa Dar wana sababu za kulifanya hili mapema. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilidorora nchini na kwa majirani. Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa kuanzia siku ya uchaguzi. Mara zote mbili, mwenye mashine kuu alicheza gemu zake za mchezaji mmoja kama kawaida, na mwenye mashine isiyo kuu alibaki akitazama kufuli. Wala si lazima hitilafu iwe ya kwetu: Februari 7 na 8, 2025 PlayStation Network yenyewe ilikuwa chini kwa takribani saa 24 duniani kote. Siku kama hiyo ukiwa na faiba nzuri kuliko zote jijini haikusaidii kitu kama mashine yako inasubiri jibu la seva.

Mashine ilinunuliwa na gemu ndani, sasa zimefungwa

Hili ndilo tatizo linaloletwa kwa mafundi kuliko mengine, na ndilo linaloumiza zaidi, maana mteja alilipa pesa halali akiamini amenunua kitu.

Biashara inakwenda hivi. Muuzaji ana akaunti yenye gemu 10 au 20. Anaingiza akaunti hiyo kwenye PS4 yako, anaiweka kuwa mashine kuu, anakufungulia jina lako la mtumiaji, na wewe unacheza gemu zake kwa jina lako. Hiyo ndiyo inaitwa "praimari". Akaunti ileile anaweza kumuuzia mtu mwingine kama "sekondari", ambaye atacheza kwa kuingia kwenye akaunti yenyewe, tena lazima awe na mtandao. Gemu moja imelipiwa mara moja na inaliwa na watu wawili, na masharti ya Sony hayaruhusu kuuza akaunti namna hiyo. Siku muuzaji akizima vifaa vyote kwa kivinjari, au mnunuzi wa sekondari aliyepewa nywila akafanya hivyo, PS4 yako inaacha kuwa mashine kuu. Ukiunganisha mtandao tu, kufuli linatokea.

Kuthibitisha ni rahisi. Kwenye PS4 ingia kwa jina lako, fungua "Library", nenda "Purchased". Gemu iliyomo kwenye mashine lakini haimo kwenye "Purchased" ya jina lolote unalolimiliki ni ya akaunti ya mtu mwingine. Kwenye PS5 angalia "Game Library", sehemu ya "Your Collection". Fanya hivyo kwa kila jina la mtumiaji lililo kwenye mashine, na andika kwenye karatasi gemu ipi ni ya nani.

Kama jina la muuzaji bado limo, usilifute. Ingia kwa jina hilo ukiwa na mtandao, nenda "Account Management" kisha "Restore Licenses". Ikikubali na kufuli likaondoka, tatizo lilikuwa leseni iliyoharibika na mashine bado ni kuu. Ikikutaka nywila, hapo ni muuzaji pekee anayeweza kukusaidia. Mtumie meseji inayotaja mambo kwa usahihi, maana meseji ya "kaka gemu zimegoma" inajibiwa "zima uwashe". Andika hivi:

"Habari kaka. PS4 niliyochukua kwako mwezi wa tatu, gemu za akaunti yako zimeweka kufuli tangu jana. Nimeangalia, mashine siyo praimari tena. Naomba uangalie kama vifaa vimezimwa kwenye akaunti, halafu nije nayo dukani uiweke praimari upya. Risiti ninayo."

Asipotoa ushirikiano, huna njia ya kiufundi ya kulifungua kufuli hilo. Anayekwambia atalifungua bila nywila ya akaunti anataka kuichipu mashine, yaani kuvunja ulinzi wake ili iendeshe gemu zisizo na leseni, na madhara yake yameelezwa mbele. Pesa uliyolipa ifuatilie kwa risiti na meseji, na kama muuzaji ana duka linalofahamika, malalamiko ya mlaji yanapokelewa na Tume ya Ushindani.

Ukienda Kariakoo kununua mashine ya mtumba, pale Aggrey au Msimbazi, fanya mambo haya ukiwa bado umesimama dukani. Mwombe muuzaji aondoe akaunti yake na aifute mashine yote mbele yako. Kisha fungua akaunti kwa barua pepe yako na uweke mashine kuwa kuu kwa akaunti hiyo. Bei ya mashine yenye gemu 15 za akaunti ya mtu mwingine isikuzidishie hata shilingi juu ya bei ya mashine tupu. Kama unazitaka gemu hizo, zichukue kama kitu cha kuazima. Ukibaki na shilingi za kutosha gemu moja tu, ni bora diski moja halali: hiyo unaweza kuiuza, kumpa mdogo wako, au kuibadilisha na jirani, na hakuna seva itakayokuuliza.

Wenye vibanda vya gemu walisome hili mara mbili. Kibanda chenye PS4 nne na akaunti moja ya gemu ya mpira kina mashine kuu moja tu. Tatu zilizobaki haziwezi kuingia kwenye akaunti hiyo kwa wakati mmoja: ya pili ikiingia, ya kwanza inatolewa. Kwa kibanda, diski moja kwa kila mashine ndiyo hesabu inayokaa sawa.

Kufuli kwenye gemu zako mwenyewe, na mtandao upo

Anza na kipimo, kabla ya dawa yoyote. PS4: "Settings", "Network", "Test Internet Connection". PS5: "Settings", "Network", "Connection Status", halafu kipimo hichohicho. Soma mistari mitatu ya juu mmoja mmoja.

"Obtain IP Address" ukifeli, mashine haijafika hata kwenye rauta. Nywila ya Wi-Fi imebadilika, au rauta imeganda. Izime dakika 1, iwashe.

Wa kwanza ukipita na "Internet Connection" ukafeli, mara nyingi bando limeisha. Alama ya Wi-Fi inaweza kuonyesha mistari yote, maana inapima umbali wa rauta na haijui salio lako. Washa hotspoti ya simu yenye bando lingine upime tena. Kurejesha leseni hakuhitaji bando kubwa. Wi-Fi ya hosteli au hotelini inayotaka ufungue ukurasa na kuandika namba ya chumba nayo hufelia hapa.

Ukiona miwili imepita na "PlayStation Network Sign-In" umefeli, tatizo liko kati yako na Sony. Fungua ukurasa wa hali ya mtandao, status.playstation.com, kwa simu. Ukionyesha hitilafu, subiri. Kila utakachobadilisha wakati huo kitakuchanganya baadaye. Ukionyesha kila kitu kipo sawa, weka kwa mkono DNS, yaani namba za seva zinazotafuta anwani za mtandao: 1.1.1.1 ya kwanza na 8.8.8.8 ya pili. Ukipata namba ya kosa WS-37397-9, Sony imeizuia kwa muda anwani ya mtandao unayotoka. Hilo huweza kumpata mtu asiye na kosa lolote, kwa sababu laini za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Zima rauta upate anwani nyingine, au jaribu laini ya kampuni tofauti. Kama unatumia VPN, programu inayoficha unakotoka mtandaoni, izime kwanza. Duka halihitaji VPN kufunguka hapa, na TCRA tangu Oktoba 2023 inawataka wanaotumia VPN kutoa taarifa za matumizi hayo. Namba WS-37368-7 ni habari nzito zaidi: akaunti yenyewe imefungiwa, na hakuna mpangilio wa mashine utakaoirudisha. Hapo unawasiliana na huduma kwa wateja.

Chanzo kimoja cha kufungiwa kinapaswa kusemwa wazi. Vocha za bei ya kutupa zinazouzwa kwenye makundi ya WhatsApp huweza kuwa zimenunuliwa kwa kadi za wizi. Mwenye kadi akirudishiwa pesa yake benki, gemu inaondolewa au akaunti inafungwa hadi deni lilipwe. Yaleyale yanakukuta ukiiambia benki yako irudishe malipo halali. Ukitaka kurudishiwa pesa, omba Sony wenyewe ndani ya siku 14 tangu ulipolipa, na kabla hujaanza kupakua gemu.

Mistari yote mitatu ikipita na kufuli lipo, sasa ndipo unarejesha leseni. Ingia kwa jina la aliyenunua, kisha PS4 "Settings", "Account Management", "Restore Licenses". PS5 "Settings", "Users and Accounts", "Other", "Restore Licenses". Acha imalize, zima mashine kabisa, iwashe. Kwa kufuli la kawaida hapo ndipo mwisho wa safari.

Lisipoondoka, fikiria umeme. Ukikatika mashine ikiwa kwenye "Rest Mode" (hali ya usingizi) au ikipakua, orodha ya ndani ya mashine huvurugika na leseni nzuri inasomeka kama haipo. Zima PS4 kabisa. Shikilia kitufe cha kuwashia: utasikia mlio wa kwanza, endelea kushikilia, na baada ya sekunde 7 hivi unasikia wa pili, hapo achia. Chomeka pedi kwa waya wa USB, kwa sababu bila waya haitasomeka, kisha bonyeza kitufe cha PS. Chagua namba 5, "Rebuild Database". PS5 unafanya vivyo hivyo, na namba 5 yake inaitwa "Clear Cache and Rebuild Database". Kazi hii haifuti gemu wala sevu (hatua ulizohifadhi kwenye gemu), ila kwenye diski iliyojaa inaweza kuchukua muda mrefu, kwa hiyo hakikisha kwanza una uniti za LUKU za kutosha. Namba 6 na 7 usiziguse. Hizo zinafuta mashine nzima, watumiaji wote wakiwemo, na zimewapotezea watu sevu za miaka.

Mtaa wako ukiwa wa kukatikakatika umeme, zima mashine moja kwa moja kila ukimaliza na usiiache kwenye "Rest Mode". UPS ndogo inayoshikilia dakika 5 inatosha kuizima kistaarabu.

Gemu za usajili

Gemu za kila mwezi za PS Plus, usajili wa kulipia wa PlayStation, zinabaki kwenye akaunti yako ila zinafunguka usajili ukiwa hai tu. Ukiisha, kufuli; ukilipia tena, zinarudi bila kupakua upya. Gemu za katalogi ya usajili huo ni hadithi nyingine, maana zinaweza kuondolewa kwenye katalogi hata wewe ukiwa umelipia. Sevu zako zinabaki kwenye mashine, na ukiinunua gemu hiyo baadaye unaendelea ulipoishia. Kama usajili uko hai na bado kuna kufuli, angalia tarehe ya mashine kwenye "Date and Time" na uchague "Set via Internet". Saa iliyokimbilia mwaka ujao inafanya leseni ya mwezi huu ionekane imekwisha.

Switch ina kipimo chake: mkusanyiko wa gemu za zamani unaokuja na Nintendo Switch Online unahitaji mashine iguse mtandao angalau mara 1 kila siku 7.

Diski ipo ndani, lakini nyongeza hazisomi

Diski za PS4 na PS5 hazina kufuli la nchi, ndiyo maana diski ya Dubai inafunguka kwenye mashine ya Japani. Nyongeza, yaani ramani, wahusika na vifurushi vya ziada, zenyewe zinafuata nchi. Nyongeza iliyonunuliwa kwa akaunti ya Marekani haiungani na gemu ya diski ya Ulaya, hata jina la gemu liwe lilelile. Angalia namba iliyo ubavuni mwa kasha: PS4 inaanza na CUSA, PS5 na PPSA, na tarakimu 5 zinafuata. Linganisha na toleo la gemu lililopo kwenye duka la nchi ya akaunti yako.

Tatizo hili linatupata zaidi kwa sababu Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network, na akaunti za hapa zimefunguliwa kama za Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Nchi ya akaunti ya PSN haibadiliki baada ya kufunguliwa. Vocha nazo lazima ziwe za nchi hiyohiyo. Kabla hujanunua nyongeza yoyote, jua diski yako ni ya wapi. Na kama bado hujafungua akaunti, chagua nchi ambayo vocha zake unazipata kwa urahisi.

Kuna jambo moja la PS5 ndogo iliyoanza kuuzwa Novemba 2023, ile yenye kisomeo cha diski kinachochomoka. Kisomeo kipya kinahitaji mtandao mara ya kwanza ili kisajiliwe na mashine. Ukikichomeka siku ambayo huna bando, diski halali kabisa itakataliwa. PS5 Pro haina kisomeo, na ukikiongeza sharti ni lilelile.

Kadi za Switch 2 nazo zina mtego wake. Baadhi zimeandikwa mbele ya kasha kwamba ni kadi ya ufunguo: ndani hamna gemu, kuna ruhusa ya kuipakua tu. Utahitaji mtandao na nafasi ya kutosha mara ya kwanza, kisha kila ukicheza kadi iwe imechomekwa. Ubaya ni upakuaji huo. Uzuri ni kwamba unaweza kuiuza kadi kama diski ya kawaida.

Switch: gemu imehamia kwenye mashine nyingine

Tangu toleo la mfumo 20.0.0 la Aprili 2025, kila gemu ya kidijitali ya Switch inahesabiwa kama kadi pepe. Kadi moja inakaa kwenye mashine moja kwa wakati. Ikiwa kwenye mashine ya kaka yako, kwako gemu haifunguki mpaka aitoe, au wewe uivute upande wako. Unaweza kumwazima mtu wa kundi lako la familia kwa siku 14, kisha inarudi yenyewe.

Kama una mashine mbili na unataka ya pili icheze bila kuhamisha kadi, nenda kwenye mipangilio ya mtumiaji wako na uwashe leseni ya mtandaoni. Lakini hapo kila kufungua gemu kunahitaji intaneti, na ni jina lako tu linaloruhusiwa. Kwa safari ya basi kwenda Mbeya hiyo ni njia mbaya: weka kadi pepe ndani ya mashine unayosafiri nayo kabla hujatoka nyumbani.

Baada ya kusasisha mfumo gemu zote zimekufa

Gemu zote kwa pamoja, na muuzaji aliwahi kukwambia "usikubali apdeti"? Mashine ilikuwa imechipiwa. Gemu zake hazikuwa na leseni ya akaunti yoyote, zilikuwa zinaendeshwa kwa kutumia udhaifu wa mfumo wa zamani. Ukisasisha, udhaifu unazibwa, na PS4 haikubali kurudishwa toleo la nyuma. Fundi hana la kurejesha hapo. Unachoweza ni kuifuta mashine na kuanza na akaunti yako na diski halali. Mashine ambayo bado imechipiwa, ukiiunganisha na PlayStation Network unahatarisha mashine na akaunti kufungiwa.

PS4 ya zamani inapoteza tarehe

Kila umeme ukikatika ukutani, mashine inawaka ikiuliza tarehe. Hiyo ni betri ya saa, aina ya CR2032 ya volti 3, imekaa kwenye bodi. Kabla ya toleo la mfumo 9.00 la Septemba 2021, PS4 yenye betri iliyokufa na isiyo na mtandao ilikataa kuendesha hata gemu za diski, kwa sababu haikuiamini saa yake ya kuandikia tarehe za vikombe, yaani tuzo za mchezaji. Toleo hilo liliondoa balaa hilo, kwa hiyo sasisha kwanza. Kisha badili betri. Fundi aifungue mashine akaangalie ya kwako ilivyokaa kabla hujanunua: iliyo kwenye kikalio unabadili kwa kidole, iliyo na nyaya mbili na plagi unatafuta ya namna hiyohiyo. Ipime kwa mita. Chini ya volti 2.7 haifai kurudishwa. Ukimaliza, unganisha mtandao mara moja ili saa ikae sawa, halafu rejesha leseni.

Gemu imetoweka dukani kabisa

Tofautisha mambo mawili. Gemu iliyoondolewa kwenye mauzo bado unaweza kuipakua kama uliinunua. Mkataba wa EA na FIFA ulipokwisha, gemu za FIFA ziliacha kuuzwa kidijitali mwaka 2023, lakini aliyelipia FIFA 23 anaikuta kwenye "Purchased". Maduka ya 3DS na Wii U, mashine za zamani za Nintendo, yalifunga mauzo Machi 27, 2023, na la Xbox 360 Julai 29, 2024. Vilivyonunuliwa viliachwa vipakuliwe. Usisubiri: vipakue sasa ukiwa na bando la usiku, na uviweke kwenye diski ya nje.

Jambo la pili ndilo zito. The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft ya mwaka 2014, ilihitaji seva hata ukicheza peke yako. Seva zilizimwa Machi 31, 2024, na baadaye wachezaji wakaona leseni zao zimeondolewa kwenye akaunti. Diski haikumsaidia mtu. Hasira iliyofuata ndiyo iliyozaa kampeni ya Stop Killing Games. Sauti za wachezaji zimewahi kufanya kazi: Juni 2013 Microsoft ilifuta mpango wa Xbox One kukaguliwa mtandaoni kila saa 24 kabla mashine haijaanza kuuzwa, na Aprili 2021 Sony ilighairi mpango wa kufunga maduka ya PS3 na Vita, mashine zake za zamani. Kabla hujalipa, soma nyuma ya kasha au ukurasa wa gemu: pakiandikwa kwamba intaneti inahitajika kucheza, unanunua muda wa seva, na upange bei yako kwa hesabu hiyo.

Jaribio la nusu saa

Lifanye Jumamosi mchana, wakati bando lipo na umeme upo. Hakikisha mashine ni kuu, rejesha leseni, weka uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya simu, na nakili misimbo ya akiba kwenye daftari, maana simu ikiibiwa kwenye daladala ndiyo njia yako ya kurudi kwenye akaunti. Kisha chomoa rauta ukutani. Fungua gemu moja moja hadi ufike kwenye menyu yake ya mwanzo, ingia na kwa jina la mtumiaji la mtoto au mdogo wako ufanye vilevile. Kila iliyogoma iandike jina pamoja na meseji iliyoitoa, neno kwa neno na namba ya kosa kama ipo. Chomeka rauta, na uanze na ile ya kwanza kwenye orodha.